Aliyetupambia kwa Mtama

Katika harusi zote alizozipamba, sikumbuki hata moja ambayo alikaa akala. Bibi harusi akishaingia kanisani, yeye alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma na ndoo yake, kitenge kimefungwa kiunoni, ndala mkononi ili zisipige kelele sakafuni. Kesho yake asubuhi, kabla ya ibada ya kwanza, alirudi kukusanya nyuzi, waya na makopo. Nimekuwa mwinjilisti wa kanisa letu hapa Area D kwa miaka mingi, watu wakiniita Mwalimu, na funguo hukaa kwangu, kwa hiyo nilimfungulia mlango mara nyingi kuliko nilivyomfungulia mtu mwingine yeyote.

"Mama," nilikuwa nikimwambia, "jana palikuwa na pilau ya kukutosha wewe na majirani zako."

"Aliyepamba hakai, Mwalimu. Akikaa ataangalia, na akiangalia ataona kasoro."

Tulimwita mama wa maua. Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye daftari la washirika, na mimi ndiye niliyeliandika, lakini hata mchungaji alipotangaza zamu za usafi alisema mama wa maua na kila mtu alijua ni nani. Aliishi mtaa wa pili kutoka kwangu, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mpana kwa nyuma, na ua huo ulikuwa wa kijani wakati Dodoma nzima imeshakuwa rangi ya matofali.

Hapa kwetu maua ni kazi. Mvua ikishakatika, upepo unachukua zamu, na vumbi linakaa juu ya kila jani kama unga. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, ya kisima yana chumvi. Mtu akitaka waridi la harusi anaagiza Arusha, linakuja na basi, kwenye boksi, limefungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa, na likifika nusu ya vichwa vimeshalala. Bei yake sitaitaja. Nitasema tu kwamba nimewahi kuona kamati ya harusi ikivunja kikao kwa sababu ya waridi, watu wazima wakaondoka bila kuagana.

Kamati kama hizo ndizo zilizokuwa zikimfuata. Mwenyekiti mmoja, mtu wa ofisini, alimwendea siku moja akisugua mikono. Nilikuwepo, nimepeleka ufunguo.

"Shikamoo mama. Sasa, kwa upande wa mapambo, tumekaa tukaona tuyakate nusu."

"Marahaba. Kateni yote."

"Yote, mama?"

"Yote. Mkishayakata yote ndipo mje kwangu. Mkija na nusu mtaanza kunifundisha."

Na kweli, alipamba harusi ile kwa bogenvilia za kwenye uzio wa watu na majani ya mkaratusi, na wageni wakaulizana mapambo yametoka mkoa gani. Alijua nyumba zote zenye bogenvilia kuanzia kwetu mpaka mjini, na alijua kila mwenye nyumba anakata uzio wake mwezi gani. Hakuiba hata tawi. Aligonga, akasalimia, akaomba yale ambayo yangetupwa. Makopo ya maziwa ya unga aliyavika vitenge vyeupe yakawa vyombo vya maua. Maji ya kuoshea mboga na mchele yalikwenda bustanini. Jumamosi ikiwa na harusi mbili, ya asubuhi kwetu na ya alasiri kanisa jingine, alihamisha maua kwa bajaji, akayafunga upya kwa mtindo mwingine, na bibi harusi wa alasiri hakujua kamwe kwamba mwenzake ameshapita katikati ya maua yale yale. Nilimuuliza kama huo si udanganyifu.

"Mwalimu, wewe mahubiri ya Jumapili ya kwanza huyarudii ibada ya pili?"

Niliyarudia, tena bila kubadilisha hata mtindo.

Alikuwa na misemo ya kazi yake. Alisema macho ya watu harusini yanakaa mahali patatu, mlangoni, madhabahuni na mikononi mwa bibi harusi, na kwamba anayepamba kwingine anawapambia panya. Alisema jani ni nusu ya ua, na jani ni bure. Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Kwa mimea alisema taratibu, kwa mabinti alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu. Alikuja binti mmoja na simu, akamwonyesha picha ya ukumbi ulioning'inizwa maua meupe kutoka darini mpaka kwenye meza.

"Mama, mimi nataka hivi."

Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. "Hapa ni wapi?"

"Uturuki, mama."

"Na wewe unaolewa wapi?"

"Si hapa hapa."

"Basi niletee picha ya hapa hapa."

Binti alinuna, akaondoka, akarudi wiki iliyofuata na mama yake. Wengi walirudi. Nimshukuru Mungu kwa ajili ya hili, na ninalisema nikijua ninachokisema: wapo watu katika kanisa letu, labda familia arobaini au zaidi, ambao wasingesimama mbele ya madhabahu kama isingekuwa mikono ya mwanamke yule. Wangeendelea kuishi tu pamoja, wakisubiri fedha. Kwa utaratibu wetu, wanaoishi hivyo hawashiriki meza ya Bwana. Wanakaa kwenye benchi wenzao wanapokwenda mbele. Mama wa maua alikuwa akiwapunguzia watu gharama, na kwa njia hiyo akawafikisha mezani. Sijui kama aliwahi kuliwaza hivyo. Sala zake zilikuwa fupi kuliko za mtu yeyote wa rika letu. "Asante kwa maji. Amina." Nimemsikia kwa masikio yangu.

Kitu alichojulikana nacho kuliko vyote kilikuwa mtama. Kaka yake alikuwa mkulima kijijini Mlali, na kila mavuno mama wa maua alipanda basi akarudi na viroba viwili vya masuke, yale meupe, yaliyochaguliwa moja moja. Aliyafunga mafungu pamoja na majani ya mkaratusi, akayapandisha nguzo za kanisa, na ukisimama mlangoni ungesema ni maua ya ng'ambo, jinsi yalivyokuwa yanashika mwanga. Harusi ikiisha aliyapukuchua. "Harusi yenu imenilishia kuku wiki mbili," aliwaambia maharusi, na kwake hayo yalikuwa ndiyo pongezi.

Sasa nifike pale ninapopaona pagumu.

Mwanangu wa mwisho alioa mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Hapakuwa na ua mahali popote, na mfuko wangu ulikuwa mfuko wa mwinjilisti. Mama wa maua alipamba kanisa na ukumbi kwa nauli ya bajaji na kopo moja la rangi ya fedha. Masuke ya mtama yalisimama kila meza. Nilimsihi, kwa kuwa ni harusi yangu, asiondoke mara moja, akakubali kusimama karibu na mlango wa jikoni, hajakaa lakini hajaondoka. Mshereheshaji alikuwa kijana wa mjini, suti inang'aa. Akashika kipaza sauti.

"Wazee wangu, shikamooni. Kabla sijaendelea naomba kuuliza. Hapa tumekuja harusini, au tumekuja kuvuna?"

Ukumbi ukacheka.

"Maana naona mtama umeshakomaa. Upande wa bwana harusi, ungo mmekuja nao?"

Nilicheka. Sikutabasamu kwa adabu, nilicheka mpaka nikafuta machozi, kama watu wote. Nilipogeuka nikamwona pale mlangoni, ndoo mkononi, ananiangalia mimi, si mshereheshaji.

Asubuhi alikuja kuchukua makopo yake. Nikamwambia kijana yule ana utani usio na kipimo.

"Amesema kweli, Mwalimu. Ni mtama."

Tangu hapo mtaani wakasema "harusi ya mavuno" kila alipopamba mtu wa kipato kidogo. Wasemaji hawakuwa na ubaya, na wengine walikuwa wamefunga ndoa kwa mtama ule ule. Yeye aliendelea na kazi, na misemo yake haikupungua. Nilidhani limepita. Mtu aliyezoea kuhubiri hudhani kwamba jambo likishanyamaziwa limesamehewa.

Alikuwa na binti mmoja. Binti huyo aliuza kwenye duka la dawa kule Nkuhungu, mtulivu, mwenye sauti ndogo, na nilimfundisha kipaimara mwenyewe. Mwaka uliofuata akaja kijana fundi umeme, akaleta wazee wake, barua ikapokelewa, mahari ikatolewa yote, ng'ombe na mbuzi na shuka za bibi. Ilibaki ndoa tu kanisani. Nikaenda kwa mama wa maua nikiwa na furaha, nikamuuliza tutaandika tangazo la Jumapili gani.

"Bado. Nataka waridi."

"Waridi gani?"

"Jeupe. La kweli, la Arusha. Kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni, pande zote mbili, na ukumbini kila meza."

Nilidhani anatania. Mtu huyu ambaye kwa miaka yote alikuwa amewafundisha watu kwamba ua halijui bei yake, alikuwa anataka kitu ambacho hata familia za wakurugenzi zilikuwa zikikiuliza bei na kukiacha. Nikamwambia, mama, wewe mwenyewe unaweza kumpamba binti yako kwa bogenvilia akapendeza kuliko malkia. Akasema, "Naweza. Ndiyo maana sitaki."

Vijana wakaanza kuishi pamoja Nkuhungu, kama wanavyofanya watu ambao mahari imeshatoka. Akazaliwa mtoto wa kwanza. Harusi ikasogezwa mpaka mavuno ya zabibu, ikasogezwa mpaka michango itimie, michango haikutimia. Mama wa maua aliendelea kuipamba meza ya Bwana kila mwezi kwa ajili ya Ushirika Mtakatifu, na binti yake aliendelea kukaa benchi la nyuma, akiangalia maua ya mama yake kwa mbali.

Ndipo mchungaji akatoa nafasi. Alitangaza kwamba wote wanaoishi pamoja na ambao mahari imetolewa waje waandikwe, watabarikiwa siku moja, katika ibada ya kawaida, bila kamati na bila ukumbi. Jioni ile ile binti na fundi umeme walikuja kwangu, wamembeba mtoto.

"Mwalimu, tuandike upesi," kijana akasema, "kabla mkwe hajaanza kupima nguzo."

Tulicheka sote watatu. Nikawaandika wa tatu katika orodha ya jozi nane.

Kosa lililofuata ni langu. Mapambo ya siku hiyo alikuwa ayafanye mama wa maua, na alitaka kujua ni mashada mangapi ya mikononi. Ningeweza kumwambia nane, basi. Nikampelekea orodha. Alikuwa ameketi uani anachambua majani, akaifuta mikono, akasoma kwa kidole, jina kwa jina. Kidole kikasimama.

"Hawa uwatoe."

"Mama, wameomba wenyewe. Huu ni mlango, Mungu ameufungua."

"Ni mlango wa watu kumi na sita. Binti yangu hafungishwi ndoa kwenye foleni, kama anasubiri maji bombani."

"Na hao wengine saba si mabinti wa watu?"

"Ni mabinti wa watu, nami nitawapamba wote saba mpaka wasahau kwamba ni foleni. Lakini huyu ni wangu. Sitaki asimame kwenye mtama." Akanirudishia karatasi. "Mimi nimewaona watu wakicheka, Mwalimu. Najua wanavyocheka wakiwa na furaha, na najua wanavyocheka wakiwa wanamcheka mtu."

Mtu mwingine angemjibu. Mchungaji angemjibu, kama ningempelekea suala lile. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Nikatoa kalamu mfukoni na kuyakata majina mawili kwa mkono wangu, mbele yake, nikijiambia kwamba amani ya mzazi nayo ni kitu. Vijana hawakutaka kumpita mama. Kijana alisema tu, "Sawa, tusubiri maua."

Siku ile kanisa lilipambwa kuliko nilivyowahi kuliona. Jozi saba zilisimama mbele, kila bibi harusi na shada lake, hakuna lililofanana na jingine. Walipokwenda mezani kushiriki pamoja kwa mara ya kwanza, waume kwa wake, wazee wengi walilia. Binti wa mama wa maua aliinuka kutoka benchi la nyuma, akatoka nje na mtoto, kama anayekwenda kumbembeleza. Mtoto alikuwa amelala.

Baada ya hapo mama wa maua aliamua kwamba kama waridi la Arusha halinunuliki, ataliotesha. Alipata vipando, akavipanda nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta. Maji ya kisima yaliviunguza majani pembeni, vikakauka. Akatafuta mapipa, akakinga maji ya mvua kwenye bati, akayagawa kikombe kikombe mpaka miezi ya upepo. Mwaka wa kwanza vilipona vichaka viwili. Mwaka wa pili vinne, na binti akapata mtoto wa pili. Nilikuwa nikipita kumsalimu, ananionyesha tumba. "Bado kidogo, Mwalimu." Nilihesabu kwa macho, nikaona kwamba kwa mwendo ule binti atafunga ndoa akiwa bibi. Nilimwombea, na nilimshukuru Mungu kwa uvumilivu wake, na leo ninajiuliza kama ule ulikuwa uvumilivu au ni jina tu nililoupa ukaidi ili nisihitaji kupambana nao.

Huku nyuma mji ulikuwa unabadilika. Walikuja wapambaji wenye magari, maua ya plastiki ya kila rangi, mazulia mekundu na taa. Wanakodisha, wanafunga kwa saa mbili, wanafungua kwa saa moja. Binti mmoja aliyekuwa ameshaongea na mama wa maua alikuja kumuaga kwa heshima.

"Mama, usinielewe vibaya. Yale mengine yana faida, hayanyauki."

"Hata ndoo hainyauki," mama wa maua akasema. Akambariki, akamwacha aende.

Wateja wakaisha mmoja mmoja. Na macho yake nayo yakawa yanaisha. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba alichelewa. Alikuwa ameificha muda mrefu, akifanya kazi kwa vidole. Nilikuwa nimeona kwamba anashika kila shina kabla ya kulikata, nikadhani ni mapenzi.

Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, alinitumia mtu. Nilimkuta amekaa kizingitini, uso umeelekea uani.

"Mwalimu, kaa. Nimekubali."

"Umekubali nini, mama?"

"Wafunge. Hata Jumapili, hata kwenye foleni. Waridi yapo machache, yatatosha mikononi. Kwingine uweke unachotaka. Uweke mtama. Mimi sitaona, kwa hiyo hata watu wakicheka ni shauri yao. Nataka tu nisikie jina lake likitajwa kule mbele. Nenda ukamwambie baba watoto. Wewe ndiye uwe mshenga."

Fundi umeme alikuwa amepata kazi Singida tangu mwaka uliopita, binti akarudi na watoto kwa mama yake, na nilijua kwamba ziara zake za mwisho wa mwezi zimekuwa za nadra. Nikapanda basi. Alinipokea vizuri sana, akanipa kiti, akaniagizia soda baridi. Nikatoa ujumbe wote, tangu mwanzo mpaka mtama. Alisikiliza ameinama.

"Mzee, nakuheshimu. Mimi nimeshaoa. Mwezi wa nne."

"Wapi?"

"Bomani. Dakika kumi na tano. Hapakuwa na ua hata moja." Akainua macho. "Watoto nawatumia matumizi, na nitawatumia. Lakini miaka yote ile nilikuwa mkwe wa kusubiri maua, mzee. Nilikuwa nikifika pale namkuta anamwagilia, ananiambia bado kidogo. Siku moja nikaona kwamba ananiambia kweli, kwamba hiyo bado haitakwisha."

Sikumlaumu. Niliinywa soda yake nikamwombea, kisha nikarudi Dodoma. Nilishukia moja kwa moja kwenye duka la dawa. Binti alikuwa anapanga vidonge kwenye rafu. Aliponiona na vumbi la safari akajua.

"Nilikuwa najua, Mwalimu. Tangu mwezi wa tano."

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Ningemwambia nini? Kila asubuhi ananiuliza pipa limebaki na maji kiasi gani." Mteja akaingia, akamhudumia, akanirudia. "Usimfiche. Ila mimi sitaweza kusema."

Mama wa maua alikuwa amekaa pale pale kizingitini. Alinijua kwa hatua.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Mzima?"

"Mzima."

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ya faraja, yenye mpangilio, kama nilivyozoea. Yeye akatangulia kusema.

"Ana mwenzake."

"Ameoa, mama. Bomani."

Aliifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu.

"Walipamba?"

"Hapana. Hapakuwa na ua hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu. Sikumwona akilia, siku ile wala nyingine. Akanyoosha mkono. "Nishike, twende uani." Tukaenda mpaka kwenye vichaka vya waridi. Akatoa kisu kidogo, akashika shina kwa shina, akayakata yote, yaliyochanua nusu na yale ambayo yalikuwa tumba zilizofumba kabisa. Hakuacha hata moja. Akayaweka kwenye ndoo ya maji.

"Kesho Jumamosi, kuna watu kanisani. Wapelekee. Waambie hawadaiwi."

Kweli palikuwa na watu. Walikuwa wameshakodi ya plastiki. Sikumwambia. Nilichukua bajaji, ndoo katikati ya miguu yangu, na nilipofika kanisani nikawakuta mabinti wawili wenye fulana za mpambaji wao wanatandika zulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Nimeletewa haya kwa ajili ya madhabahu."

Wakaangaliana. "Mazuri, mzee. Ila ndoo isipite hapa tafadhali, inamwaga maji, na zulia ni la kukodi."

Nikazunguka nyuma, nikaiweka ndoo kwenye chumba cha mchungaji, sakafuni, karibu na dirisha. Jumapili gari la mpambaji lilikuwa halijaja kuchukua vitu vyake, meza ya Bwana imejaa plastiki hadi pembeni, hapakuwa na nafasi. Binti alikuwa benchi la nyuma na watoto wake wawili. Tulipokwenda mezani, alibaki.

Jumatatu nilikwenda kufagia. Nilipofungua chumba cha mchungaji harufu ilinipokea kabla sijaona. Mawaridi yalikuwa yamefunguka yote, hata zile tumba nilizodhani hazitafunguka, meupe, makubwa, yamejaa ndoo mpaka yanagusana. Nilikaa kwenye kiti. Nimefundisha watu kushukuru kwa kila jambo, na nikajaribu. Nilishukuru kwa ajili ya mikono yake. Nilishukuru kwa jozi saba, na kwa wale wa kabla yao, na kwa mwanangu na mkewe ambao bado wako pamoja. Nilipofika kwa binti nilisimama nikafagia.

Jumatano kaka yake alikuja kutoka Mlali kumchukua, kwa kuwa binti anashinda dukani na mama hawezi tena kubaki peke yake. Vitu vyake havikuwa vingi. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nimemshika mkono, naye akapapasa mlango, akaingia, akakaa. Akaniita karibu na dirisha.

"Mwalimu, yalifunguka?"

"Yalifunguka, mama. Yote."

"Hata zile tumba?"

"Hata zile."

Akaegemea kiti, akafumba macho, na gari likaondoka. Sikumwambia kwamba yalifunguka Jumatatu, kanisa likiwa limefungwa.